Ugomvi wa LUKU katika nyumba ya kupanga: mwongozo wa kuumaliza bila mtu kuhama

Umeme unapozimika saa tatu usiku katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, wapangaji hutoka koridoni na kutazama kwanza taa za nyumba ya jirani. Wakiona kwa jirani giza, hucheka na kurudi kulala, kwa kuwa waliokata ni TANESCO, shirika la umeme. Wakiona kwa jirani kunawaka, macho hurudi ndani na kuanza kutafuta mlango wa mtu, na hapo ndipo husikika maneno kama "wenye mafriza yao" au "wanaopiga pasi kila siku kama wanakwenda ofisini", ambayo hayataji jina lakini kila mmoja anajua yamelengwa wapi.

Nimekaa miaka mitatu katika nyumba ya namna hiyo jijini Dar es Salaam, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mimi ndiye niliyekuwa nikikusanya fedha za LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, kazi isiyo na mshahara wala shukrani. Mwongozo huu nimeuandika kutokana na niliyoyaona huko, pamoja na makosa niliyoyafanya mwenyewe. Nilichojifunza ni kwamba ugomvi huu, ingawa unazungumzwa kwa shilingi na uniti, huanza pale mtu anapohisi kuwa wenzake wanamfanya mjinga, na ndiyo maana kuongeza mchango au kumgombeza mtu mmoja hakuumalizi. Unaisha pale kila mmoja anapokuwa amesikilizwa, kisha utaratibu wenyewe ukabadilishwa ili asiwepo tena wa kumshuku mwenzake.

Hatua ya kwanza: usiku ule nunua umeme, maneno yaache

Mwenye fedha anunue uniti za kuvukia usiku, aandike kiasi alichotoa, na watu walale. Kikao cha gizani, watu wakiwa na njaa na watoto wakilia, hakijawahi kuzaa kitu zaidi ya matusi ambayo baadaye yanakuwa kesi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mtu yeyote asizime swichi kubwa kwa hasira, wala asiguse waya unaoingia chumbani kwa mwenzake, kwa sababu zaidi ya kuwa ni uchokozi, ni hatari ya moto kwa nyumba nzima.

Hatua ya pili: piga hodi mlango kwa mlango

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami niliiruka mwaka wa kwanza. Niliitisha kikao moja kwa moja, na kila mtu akaja akiwa ameshajiandaa kujitetea, hivyo tukatumia saa mbili kurushiana lawama na kuondoka tukiwa wabaya zaidi ya tulivyokaa. Mwaka uliofuata nilipita kwanza kwa kila mpangaji peke yake, na mambo niliyoyasikia vyumbani sikuwahi kuyasikia uani.

Nenda wakati ambao mtu hana haraka. Piga hodi, mwamkie kama umri na heshima yake vinavyotaka, ukaribishwe uketi, na uulizie hali ya nyumbani kabla ya kutaja LUKU. Mtu aliyesimama mlangoni na daftari mkononi huonekana mdai, na mdai hujibiwa kama mdai. Epuka swali linaloanza na "kwa nini wewe", kwa kuwa hilo ni shitaka lililovaa nguo ya swali. Uliza hivi: "Mama, katika huu mchango wetu wa LUKU, ni jambo gani linakukera zaidi?" Kisha nyamaza. Akimaliza, mrudishie maneno yake kwa ufupi ili athibitishe, na usiendelee mbele mpaka aseme mwenyewe "hapo sasa" au "naam, hapo umenielewa". Huhitaji kukubaliana naye. Unachohitaji ni kuweza kueleza kero yake vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe hana cha kuongeza.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika nyumba yetu vitanda vilikuwa sita. Wakati huo kila chumba kilitoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kijana wa bodaboda wa chumba cha mbele, ambaye alikuwa na taa moja na simu, na aliyerudi kulala tu, aliniambia kuwa elfu kumi yenyewe anaimudu. Kinachomuuma ni kwamba akichelewa siku mbili anaitwa msumbufu na watu wanaotumia umeme wake. Mama wa chumba cha tatu, anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, alianza kwa ukali, lakini alipotulia alieleza kuwa ada za watoto wake zinatoka katika lile friza, na kwamba wanaolisema ndio hao hao wanaomletea samaki na nyama wawekewe bure. Fundi cherehani alikuwa akishukiwa kwa sababu ya mashine yake, hali mashine yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu na haina hata waya. Muuguzi wa zamu za usiku alikuwa amechoka kusikia habari ya pasi yake ya sare. Wanandoa wachanga wa chumba cha pili hawakuwa na malalamiko yoyote, jambo ambalo nilipofanya hesabu baadaye nililielewa.

Angalia kwamba katika hao wote hakuna aliyesema hataki kulipa. Kama ningebaki na maneno ya koridoni ningeamini kwamba nina wakorofi wawili na wezi watatu.

Hatua ya tatu: pima vitu, usipime watu

Baada ya kusikiliza, ingia kwenye hesabu, kwa kuwa huruma peke yake haijazi mita. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Wati za kifaa huandikwa nyuma yake au chini yake, kwa hiyo chukua wati, zidisha kwa saa za matumizi kwa siku, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9 inayowaka saa sita kwa siku hutumia kama uniti 1.6 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano hutumia uniti 7.5. Feni ya wati 60 inayozunguka saa nane usiku hufika uniti 14.4, na pasi ya wati 1,000 inayotumika robo saa kila siku hutumia uniti 7.5, yaani sawasawa na ile televisheni ambayo hakuna aliyewahi kuigombania. Pasi husingiziwa kwa sababu inaunguza mkono na inaonekana kwa macho, wakati feni inakula kimya kimya usiku kucha, karibu mara mbili yake.

Friji na friza hesabu yake ni tofauti, kwa kuwa hujiwasha na kujizima zenyewe, hivyo wati zilizoandikwa nyuma zitawadanganya. Pimeni kwa mita. Jumapili moja mchana, wote mkiwepo, zimeni kila kitu isipokuwa friza, andikeni uniti zilizobaki, na baada ya saa sita mwangalie tena. Friza letu lilikula nusu uniti, yaani mbili kwa siku na kama 60 kwa mwezi. Jambo kubwa katika zoezi hilo lilikuwa kwamba mama mwenye friza alisimama mwenyewe mbele ya mita na kuisoma kwa sauti, hivyo hakuna aliyehitaji kumwambia chochote.

Hatua ya nne: someni pamoja ujumbe wa manunuzi

Ugomvi wetu mmoja mkubwa ulitokana na jambo ambalo halikuwa kosa la mpangaji yeyote. Tangu Agosti 2021 Serikali hukusanya kodi ya jengo kupitia LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na baadaye, kuanzia Julai 2023, shilingi 1,500. Fedha hiyo hukatwa katika manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo mtu anayetumwa kununua tarehe mosi huleta uniti pungufu kuliko aliyenunua kwa kiasi kile kile tarehe kumi na tano, na asiyejua huona dhahiri kwamba wa kwanza amekula hela.

Dawa yake ni nyepesi: anayenunua asisome namba ishirini za tokeni peke yake na kuufuta ujumbe, bali aonyeshe ujumbe wote wenye makato. Wakati tukifanya hesabu zetu, bei ya uniti kwa mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ilikuwa shilingi 292, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Shilingi 60,000 zetu, baada ya kutoa 1,500 za kodi ya jengo, zilileta uniti kama 164. Matumizi tuliyoyakadiria kifaa kwa kifaa yalifika kama 166, ukaribu ambao nakiri ulitokana na bahati zaidi kuliko ustadi wangu. Kodi ya jengo kwa asili yake ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo inafaa wapangaji wamwendee kwa adabu, wakiwa na kumbukumbu za miezi iliyopita, wakaomba aikate katika pango. Wetu alikubali, ingawa kwa kuguna.

Hatua ya tano: kaeni uani mkiwa na mapendekezo zaidi ya mawili

Kikao kifanyike mchana, kwenye mkeka, na waitwe wote wanaoishi ndani, si wanaume wanaoandikwa kwenye mkataba tu, kwa sababu aliyeshinda nyumbani ndiye anayejua feni huzimwa saa ngapi. Masharti ya mazungumzo yawe mawili: mtu azungumzie chumba chake mwenyewe, na kifaa kitajwe kwa jina lake bila kumtaja mwenye nacho. Utani unasaidia sana, na kama kuna Mnyamwezi na Mzaramo kikaoni waacheni wataniane, lakini utani uje baada ya watu kutulia, maana ukiwahi kabla ya hapo huchukuliwa kuwa ni kejeli.

Ukipeleka pendekezo moja watu watagawanyika kuwa wanaolitaka na wasiolitaka. Ukipeleka mawili watapanga pande mbili. Ukiweka matatu au manne, watu huanza kuchanganya kipande cha hili na kipande cha lile, na hapo ndipo ubunifu unapotokea bila mtu kuulazimisha. Sisi tuliweka mezani mchango sawa kama zamani, mita ndogo kwa kila chumba, mita kamili ya TANESCO kwa anayetaka, na mafungu, yaani kila kifaa kupewa mafungu kulingana na umeme kinaokula na kila chumba kulipia mafungu yake. Yaliyoshinda ni mafungu, nami nayaeleza kwa kirefu kwa kuwa yanaweza kutumika katika nyumba yoyote bila kununua kifaa.

Fungu moja tulilikadiria kuwa uniti 3.75 hivi kwa mwezi. Taa na simu za chumba, pamoja na mchango wa taa ya korido na ya choo, tulizipa fungu 1. Televisheni mafungu 2, pasi mafungu 2, feni mafungu 4, na friza mafungu 16. Kijana wa bodaboda akawa na fungu 1. Wanandoa, wenye taa, televisheni, feni na pasi, mafungu 9. Mama wa barafu, mwenye taa, televisheni, feni na friza, mafungu 23. Fundi cherehani, taa na feni, mafungu 5. Mimi, taa, feni na televisheni, mafungu 7. Na muuguzi, taa na pasi yake iliyosemwa sana, mafungu 3. Jumla ikawa 48. Gawanya 60,000 kwa 48, unapata shilingi 1,250 kwa fungu.

Kwa hesabu hiyo kijana wa bodaboda alishuka kutoka 10,000 hadi 1,250, na mama wa barafu alipanda hadi 28,750. Kikao kilinyamaza. Hapa ndipo hesabu sahihi inapoweza kuvunja nyumba, kwani mama alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba kwa kiasi hicho afadhali aache biashara. Mtu mmoja akaanza kusema "lakini hesabu ndiyo hiyo", na kama angeachwa amalize tungerudi tulikotoka. Nilichofanya ni kukumbusha jambo nililolisikia chumbani kwa mama, kwa ruhusa yake niliyokuwa nimeiomba mapema: je, samaki waliomo katika lile friza ni wa nani?

Kicheko kikatoka, kisha jibu. Vyumba vitatu vilikuwa vikihifadhi vyakula humo: wanandoa, muuguzi na mimi mwenyewe, msimamizi. Fundi cherehani ndiye aliyetoa wazo kwamba wanaolitumia friza walibebe, na baada ya mjadala mfupi kila mmoja wetu watatu akachukua mafungu 2 ya friza, mama akabaki na 10. Malipo yakawa shilingi 21,250 kwa mama, 13,750 kwa wanandoa, 11,250 kwangu, 6,250 kwa muuguzi, 6,250 kwa fundi na 1,250 kwa kijana wa bodaboda, na jumla ikabaki 60,000. Mama alikubali kwa sababu friza lake liliacha kuwa kosa lake na likawa huduma inayotambuliwa. Alipandisha pia, kidogo, bei ya pakiti za barafu, jambo ambalo hatukuliingilia. Wanandoa ndio walioguna, na hapo nikaelewa kwa nini hawakuwa na malalamiko hapo mwanzo.

Ombeni ruhusa kabla ya kutoa hadharani jambo lililosemwa chumbani. Nimeshawahi kulisahau hilo mara moja, na mtu yule hakunifungulia tena mlango wake kwa muda mrefu.

Hatua ya sita: sabumita, kama mafungu hayatoshi

Nyumba zenye biashara kubwa ndani, kama saluni au karakana ya kuchomelea, hazifai kwenda kwa makadirio. Huko fungeni sabumita, yaani ile mita ndogo ya chumba, kwa vyumba vinavyohusika, kwa idhini ya mwenye nyumba na kwa mkono wa fundi umeme mwenye leseni, kisha muwe mnapiga picha usomaji wake siku moja ile ile kila mwezi. Kwa mpangaji mtumiaji mdogo, mita yake kamili ya TANESCO inaweza kuwa nafuu zaidi, kwa kuwa kundi la D1, la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, kiwango ambacho vyumba sita vyenye mita moja haviwezi kukaa ndani yake. Gharama ya kuunganishiwa ndiyo huwakwaza watu, na hilo ni la kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kulipa pango la miezi sita, sio baada.

Hatua ya saba: andikeni, na mtaje mapema mambo yatakayotokea

Daftari likae mahali kila mtu analiona. Andikeni mafungu ya kila chumba, tarehe ya kuchanga, na zamu ya kununua. Andikeni pia yale yasiyopendeza kutajwa: mgeni akikaa zaidi ya wiki mbili inakuwaje, mtu akisafiri mwezi mzima analipa nini, na aliyekwama afanye nini. Sisi tulikubaliana kwamba aliyekwama amwambie msimamizi kabla ya tarehe, na jina lake lisitajwe mbele ya watu kwa mwezi huo. Kundi la WhatsApp tulilifungua kwa ajili ya picha za tokeni tu, na mtu akianza maneno humo anaambiwa apige hodi, kwa sababu maandishi hayana sauti na kila msomaji huyasoma kwa hasira yake mwenyewe.

Hatua ya nane: mkishindwa, au kama jambo si la kikao

Mkishindwa baada ya vikao viwili, mwiteni mwenye nyumba. Akiwa sehemu ya tatizo, nendeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na zaidi ya hapo lipo baraza la kata, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985 kikiwa na kazi ya kusuluhisha kabla ya jambo lolote jingine. Nendeni na daftari. Lakini yapo mambo ambayo hayapaswi kupitishwa kwenye mkeka hata kidogo: aliyepigwa au kutishiwa aende polisi, na waya uliochepushwa kuikwepa mita uripotiwe TANESCO, kwa sababu kuliita hilo kutoelewana ni kumweka anayelala chumba cha jirani katika hatari.

Mafungu yapitiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa watu hununua vitu, huoa, na hupata watoto. Katika mapitio yetu ya pili, kabla sijafungua daftari, kijana wa bodaboda alinisimamisha koridoni akiwa na boksi jipya begani. Alikuwa amenunua feni. Alitaka kujua kama mafungu yake sasa yamekuwa matano, na kama anaweza kulipa shilingi 6,250 pale pale ili asije akasahau. Nikafuta 48 nikaandika 52, na mchango wa nyumba ukawa shilingi 65,000.